Askofu Mkononi, Wakwe Mvuani

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini na mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, nilipokaa barazani kwangu hapa Makandana mbele ya ubao wa sataranji na kusema maneno ambayo mke wangu ameahidi kuyaandika kwenye msalaba wa kaburi langu: "Mchezo mmoja tu, Mwalimu, hauchukui muda." Naanza na aibu moja kwa moja, kwa sababu wengi wenu mmeshaisikia kwa watu wa sokoni, na huko imetiwa chumvi mpaka kuna wanaosema nilimpiga mkwe wangu kwa ubao (sikumpiga), na wanaosema nilikuwa nimelewa (sijawahi kuonja pombe maishani, ndiyo maana kosa langu halina utetezi wowote).

Kwa wasionifahamu, mimi ni karani wa mizani kwenye banda la kupokelea majani ya chai, kazi ya kupima, kuandika na kutukanwa. Shule niliishia darasa la saba, na yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe kwa utaratibu, kimoja baada ya kingine: nyaya za umeme, ufugaji wa nyuki, Kiingereza cha kamusi (nilifika herufi M), na hatimaye sataranji, ambayo mtaani wanaiita chesi na wasioipenda wanaiita drafti la wasomi. Kete nilizichonga mwenyewe kwa mti wa mparachichi. Nyeupe niliziacha na rangi yake, nyeusi nikazipaka kiwi ya viatu, tabaka juu ya tabaka, nikajisifu kwamba hata mjini Mbeya hakuna duka lenye kete zinazong'aa vile. Naomba hiyo kiwi muikumbuke.

Sasa, mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza, kwa hiyo mwenye nyeusi hutumia muda mrefu akijibu maswali ambayo hakuyauliza, na wengi hawapendi. Mimi nilichagua nyeusi kwa makusudi, nikatafuta ufunguzi mmoja tu wa kuujua mpaka kwenye mifupa, nikaupata. Una jina la Wazungu wawili ambalo kwenye vinywa vya hapa halikai vizuri, basi nikauita Ukuta wenye Mlango. Unasogeza askari mmoja, ile kete ndogo kabisa, hatua moja tu, kwa unyenyekevu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi la kanisa. Kisha jirani yake anaruka hatua mbili kwenda katikati, na yule wa kwanza anabaki nyuma akimlinda. Huo ndio ukuta. Mlango ni wa askofu, kete inayotembea mshazari: lazima atoke nje mapema, kabla hujasogeza askari mwingine atakayemfungia ndani. Uzuri wake, nilikuwa nikiwaeleza watu (walioniuliza na wasioniuliza, hasa wasioniuliza), ni kwamba uko imara lakini unanyumbulika. Hujifungi mikono, unamwacha mpinzani aonyeshe anachotaka, ndipo unajibu.

Niliukariri kwa zaidi ya mwaka. Leo nasema niliukariri. Siku zile nilikuwa nasema nimeuelewa.

Na barazani kwangu kulikuwa na sheria, maana mchezo usio na sheria ni fujo. Ya kwanza inajulikana dunia nzima: ukigusa kete yako, lazima ucheze hiyo hiyo. Ya pili niliitunga mwenyewe kwa kuinoa ile ya kwanza, kwa sababu niliiona butu: kete ikishainuliwa, haigusi tena ubao ila pale inapokwenda, na ukiirudisha ilikotoka umepoteza mchezo. Kwa sheria hiyo nilimshinda fundi cherehani wa jirani, mchungaji mmoja mstaafu, na shemeji yangu ambaye kosa lake lilikuwa kupiga chafya.

Jumamosi hiyo haikuwa siku ya mchezo. Ilikuwa siku ya posa ya binti yangu Sekela, muuguzi, mtu mzima anayejitegemea, ambaye alikuwa amepatana na kijana aitwaye Lusajo wa kule Masoko. Kijana hakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Ambakisye, anayejulikana kwa mambo mawili: kahawa nzuri na kugeuka. Mzee huyu huwa haombi maelezo wala hapigi kelele, anageuka tu na kuondoka. Aligeuka kwenye harusi ya mpwa wake mwenyewe kwa sababu ya kiti alichopangiwa, na mpaka leo hawasemezani. Mke wangu, Mama Sekela, alinikalisha usiku wa kuamkia siku hiyo akanieleza polepole kama anamweleza mtoto mgonjwa.

"Baba Sekela, yule mzee akigeuka, harudi. Na Lusajo hawezi kuoa baba yake akikataa. Na mwanao amesema hana mwingine. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," nikasema. (Kama mlivyoona, neno hilo nililitumia kwa ukarimu.)

Na mnajua kwetu mgeni wa aina ile hapokelewi ukiwa umekaa. Unamsikia tu yuko uani, unasimama, unatoka, unainama kidogo, unampa mikono yote miwili ikiwa mitupu, mnasalimiana mpaka salamu ziishe, nazo haziishi upesi, ndipo linafuata jambo lingine lolote chini ya mbingu. Mtoto wa miaka mitano Rungwe anajua hilo. Mimi nilikuwa na hamsini na moja.

Wageni tuliwatarajia saa tano. Nilikuwa nimeoga, nimevaa shati langu jeupe la Pasaka, viti vimepangwa, mke wangu na Sekela wako jikoni nyuma ya nyumba na moshi wao, mimi sina kazi, na mtu wa utaratibu asiye na kazi ni hatari kwa jamii. Ndipo akatokea Mwalimu Mwanaidi. Huyu ni mpangaji wangu wa chumba cha uani, anafundisha hesabu sekondari, ameletwa na serikali kutoka Tanga, na bado anaamini kwamba baridi ya Tukuyu ni adhabu ambayo siku moja ataambiwa kosa lake.

"Baba mwenye nyumba, leo si una ugeni?"

"Saa tano. Mchezo mmoja tu, Mwalimu, hauchukui muda."

"Nyeusi kama kawaida?"

"Kama kawaida."

"Na Ukuta wako ule ule?"

"Ukuta haubadilishwi, Mwalimu, ndiyo maana unaitwa ukuta."

"Haya," akasema, akavuta khanga mabegani, akatega simu yake ituhesabie dakika ishirini kila mmoja. "Mchezo mwema."

Akasogeza askari wake wa mbele ya mfalme hatua mbili. Nikasogeza wangu mnyenyekevu hatua moja. Hapo, kwa mujibu wa yote niliyokariri, alitakiwa alete askari wa pili katikati. Hakuleta. Akatoa farasi. Nikamruhusu, nikaweka askari wangu wa pili mahali pake, ukuta ukasimama. Akatoa farasi mwingine. Farasi wawili! Nikatabasamu kwa huruma, nikafanya kilichofuata kwenye kichwa changu, yaani nikamwinua askofu kwenda kumweka kwenye mraba wake wa siku zote.

Akiwa hewani ndipo nikaona. Katika michezo yote niliyokariri, askari wa adui anakuwa ameshapita mbele, na mraba ule unakuwa salama. Leo askari alikuwa bado amesimama pale pale alipoanzia kutisha, na mraba wangu wa siku zote ulikuwa mdomoni mwake. Nikimweka askofu hapo analiwa bure na kete ndogo kuliko zote. Ilibidi aende hatua moja mbele zaidi, au abaki nyuma, au sijui wapi, kwa sababu sasa ilitakiwa kuelewa, na kuelewa sikuwa nimekuandaa. Kumrudisha alikotoka siwezi, sheria yangu. Basi nikabaki nimemning'iniza askofu juu ya ubao kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

Mvua ikaanza, ile yetu ya kawaida, isiyo na haraka.

"Hodi hapa," ikasema sauti uani.

Sikuinua macho. Kila Jumamosi majirani huja kuazima bomba langu la kupulizia dawa, na nilishawazoesha kusubiri. Nikanyoosha mkono wa kushoto, kiganja mbele, kama trafiki. "Subirini hapo hapo."

"Baba," Mwalimu akaninong'oneza, "weka hiyo kete. Wageni."

Nikacheka kimoyomoyo. Ndugu zangu, nilicheka! Nilijua kabisa anachotaka: anataka niachie kete kwa pupa, nimweke askofu mdomoni mwa askari. Mbinu ya Tanga hiyo, nikajiambia. "Mwalimu, mimi si mtoto."

"Baba, nakuapia. Wamevaa makoti."

"Hata wangevaa joho."

"Hodi hapa," ile sauti ikarudia, polepole zaidi.

"Nimesema subirini!" nikafoka, na hapo mvua ikazidi, nikasikia viatu vikipanda ngazi ya baraza, kivuli kikaangukia ubao, ndipo nikainua macho. Mzee Ambakisye alikuwa amesimama mbele yangu, kofia ikichuruzika maji, nyuma yake mshenga akiwa ameficha bahasha ya posa ndani ya koti, na nyuma yao shangazi wawili mmoja ana mkungu wa ndizi na mwingine ana kuku, wote wamelowa, kuku akiwa na sura ya kuumia kuliko wote. Walipata lifti ya gari la maparachichi, wakaona ni heshima kuwahi.

Mzee akanyoosha mikono yake miwili.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wote wa Tukuyu wananiuliza swali moja. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya ubao na askofu. Nikanyanyuka nusu, magoti yamekunjika, ule wa kulia umebaki pale pale hewani, nikampa mkwe wangu mkono wa kushoto.

Mzee akautazama ule mkono kama mtu aliyeletewa kwenye sahani kitu ambacho hakuagiza. Nyuma yake nikamwona Mama Sekela ametokeza kwenye kona ya nyumba na sinia la vikombe, amesimama, hapumui.

Mtu mwenye akili angeachia kete. Mimi nilieleza. "Mzee, samahani sana, siyo dharau. Nikimwachia huyu nitakuwa nimecheza, na akikaa hapa analiwa, na kumrudisha sheria hairuhusu. Ni ufunguzi imara sana, Mzee, ila unanyumbulika, mwenye nyeusi hapaswi kujifunga mapema, sasa Mwalimu hapa ametoa farasi wawili badala ya askari..." Nikaendelea. Naapa niliendelea. Shangazi mwenye kuku alikuwa bado nje kwenye mvua, baraza halikumtosha, na mimi nilikuwa nimefika kwenye mshazari.

Mzee alisubiri nikamaliza. Kisha akauliza kwa upole, "Na huyo uliyemshika ni nani?"

"Askofu, Mzee."

"Aa. Umeshika askofu. Ndiyo maana mkulima kama mimi hukuweza kunishika mkono."

Akageuka.

Wote wakageuka, kwa mpangilio, kuku akiwa wa mwisho. Mama Sekela hakupiga kelele. Aliweka sinia chini, akasema neno moja tu, "Kimbia," na nikakimbia, na mtu wa utaratibu akikimbia huonekana vibaya sana, hasa akiwa na shati la Pasaka kwenye tope. Niliwakuta mbele ya duka la dawa za mifugo, ambako nusu ya mtaa ilikuwa imejibanza chini ya bati kukwepa mvua, wakiwemo fundi cherehani na shemeji yangu, yule wa chafya, waliokuwa kama wamekata tiketi.

Nikampita Mzee, nikasimama mbele yake, nikainama mpaka nikayaona matope vizuri, nikaushika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Mzee akasita, lakini hakuuondoa. Nikaona ninapona. Kisha uso wake ukabadilika. Akauvuta mkono, akaufungua taratibu.

Katikati ya kiganja chake kulikuwa na kijiti kidogo cheusi, kimechongwa, kina kichwa kilichopasuliwa, na rangi nyeusi imetambaa kwenye vidole vyake vyote na kuingia kwenye ukingo wa shati.

Nilikuwa sijamwachia. Nilikimbia naye njia nzima.

"Mzee, usifumbe mkono!" mshenga akaruka nyuma. "Tupa! Tupa hicho kitu!"

"Mwe!" akasema shangazi wa ndizi, na watu wa chini ya bati, walionijua miaka ishirini, wakasogea mbali nami kidogo, wote kwa pamoja.

"Umeniwekea nini mkononi, bwana?" akauliza Mzee. Sauti yake ilikuwa imepoa kabisa.

"Askofu," nikasema.

"Askofu gani anayeyeyuka?"

"Ni kiwi, Mzee. Ya viatu." Jaribuni siku moja kusema maneno hayo kwenye mvua, mbele ya watu, mkiwa mnatuhumiwa kumroga mkwe. Hayasaidii.

Kilichoniokoa hakikuwa mimi. Alikuwa Mwalimu Mwanaidi, aliyefika mbio chini ya mwavuli, ubao kwapani, kete kwenye mfuko wa rambo, simu mkononi. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba," akasema Mzee, kiganja bado kimefunguliwa.

"Mzee wangu, huyu si mchawi. Huyu ni mbishi tu." Akatandika ubao kwenye ndoo iliyofunikwa hapo mlangoni mwa duka, akapanga kete zote kama zilivyokuwa, upesi upesi, akabakiza pengo moja. "Mwenye hapa ndiye huyo uliyemshika. Hata rangi ni moja, tazama, na hawa nao wameanza kuchuja."

Mzee akainama, akatazama, akamlinganisha askofu na ndugu zake. Watu wa chini ya bati wakarudi, tena karibu kuliko mwanzo.

"Na kweli akimrudisha hapa alipotoka, anakuwa ameshindwa?"

Mwalimu akanitazama mimi kwanza. Alikuwa na huruma, lakini si nyingi. "Hapana, mzee wangu. Sheria inasema aliyemgusa ndiye atakayemsogeza, basi. Angemweka hapo, akasimama, akakusalimu, akakukaribisha, akarudi baadaye akamtoa. Hiyo ya kushindwa ni sheria nyingine."

"Ya nani?"

"Yake."

"Yake na nani?"

"Peke yake."

"Mchungaji alikwisha kumwambia!" akadakia shemeji kutoka nyuma. "Na mimi nilikuwa na mafua!"

Nilimfikiria Sekela kule jikoni, aliyekwisha kusikia kila kitu, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuwa na la kueleza. Nikasema tu, "Mzee, nimekosa. Binti hana kosa. Ni mimi."

Akaniangalia. Kisha akanikaribia, akaifuta ile kiwi kwenye shati langu jeupe, kifuani, taratibu, kiganja kisha mgongo wa mkono, kidole baada ya kidole, mpaka alipotosheka. Akamrudisha askofu kwenye pengo lake ubaoni. Akaninyooshea mikono upya.

"Sasa tuanze. Ugonile, tata."

"Ndaga fijo," nikajibu salamu yake ya Kinyakyusa, mikono miwili, mitupu, na tukasalimiana pale barabarani mpaka salamu zikaisha: mke, watoto, ng'ombe, migomba, kahawa, mvua yenyewe.

Tuliporudi nyumbani chai ilikuwa moto, na Sekela, aliyeitwa kusalimia wageni, alipopita karibu yangu alinong'ona, "Baba, kama askofu ameshatoka salama, nami naomba nitolewe." Mshenga akafungua bahasha, na kabla hajasoma akatoa tamko ambalo wazee wote wanasema hawajawahi kulisikia: kwamba kwa desturi upande wa mwanamume ndio hutozwa faini za makosa kwenye posa, lakini leo upande wa binti ndio uliokosa, kwa hiyo faini inarudi nyumbani kwa binti. Mama Sekela akajibu kwa niaba yangu, bila kuniuliza, "Ni haki." Posa ikapokelewa. Mzee Ambakisye alikaa mpaka jioni, na kabla ya kuondoka akataka aonyeshwe jinsi farasi anavyoruka.

Ule mchezo nilishindwa. Mwalimu alinionyesha simu: dakika zangu ishirini ziliisha nikiwa mbele ya duka la dawa za mifugo. Ukuta wangu ulidumu kama nilivyowaahidi, hakuna kete yangu hata moja iliyoliwa.

Siku hizi bado nacheza nyeusi, lakini nimeifuta ile sheria, na ubao siutandiki siku ninayotarajia mgeni, awe mkwe au mwazima bomba. Na nikisikia hodi, kwanza naweka chini chochote nilichoshika, hata kama ni kijiko cha uji. Ufunguzi nao naanza kuuelewa polepole. Kunyumbulika kumbe kulikuwa kunanihusu mimi, si kete.

Hesabu niliifanya Jumatatu, kwa utaratibu: ng'ombe mmoja aliyepunguzwa kwenye mahari, laki saba na nusu; mbuzi wa kuwaomba radhi waliolowa, elfu tisini na tano; shati la Pasaka, elfu kumi na tano; sabuni ambayo haikulitakatisha, elfu mbili na mia tano. Jumla, shilingi 862,500.